Urujuani wa Taita: Ua linaloenziwa ughaibuni ilhali li hatarini kwao

KATIKA madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani huwekwa mmea mmoja mdogo ambao umependwa na vizazi kadhaa vya wakuza maua. Chungu chake hutoshea katika kiganja cha mkono. Majani yake ya mviringo yana vinyweleo laini mithili ya kitambaa cha mahameli, na maua yake ya zambarau yana vidoa viwili vya manjano katikati.

Waingereza huuita urujuani wa Afrika, nao Wajerumani huuita urujuani wa Usambara. Hata hivyo, wengi wanaoununua madukani hawafahamu kwamba mababu zake wangali wanaishi mwituni nchini Kenya na Tanzania, na kwamba mmoja wa jamaa zake hupatikana mahali pamoja tu ulimwenguni kote. Mahali hapo ni msitu wa kilima cha Mbololo, katika Kaunti ya Taita Taveta.

Jamaa huyo wa Mbololo alipewa jina la kisayansi mnamo 1958 na mwanabotania Mwingereza, B. L. Burtt, aliyeitumia Taita yenyewe kuunda jina hilo: Saintpaulia teitensis. Leo hii mmea huo umo miongoni mwa mimea inayohesabiwa kuwa katika hatari kubwa ya kuangamia.

Hapo ndipo swali linapozuka. Ikiwa mimea ya jamii hii imejaa madukani kwa mamilioni, kuna haja gani ya kujishughulisha na michache iliyosalia juu ya miamba ya Taita? Jibu la swali hilo limo katika namna ua lenyewe linavyoishi.

Kwanza, ni vyema ifahamike kwamba mmea huu si urujuani hata kidogo. Urujuani halisi wa Ulaya ni wa ukoo mwingine kabisa wa mimea, na jina hilo lilitolewa kwa sababu ya kufanana kwa rangi na umbo la maua. Urujuani wa Afrika ni wa ukoo ambao wanabotania huuita Gesneriaceae, wenye mimea mingi midogo inayopenda kivuli na unyevu katika nchi za joto.

Tofauti kati ya mimea hii miwili huonekana zaidi katika namna kila mmoja unavyotafuta mwangaza. Katika misitu ya Ulaya, miti mingi hupukutisha majani yake wakati wa baridi kali. Majira ya kuchipua yanapowadia, maua madogo ya msituni huharakisha kuchanua kabla miti hiyo haijavaa majani mapya. Kwa muda wa majuma machache tu, jua hupenya hadi chini, kisha kivuli hurejea na fursa hiyo hupotea.

Mbololo hakuna majuma kama hayo. Miti ya msitu wa asili huko huwa na majani mwaka mzima, na mwangaza unaofika chini ni ule uliochujwa na matawi. Kwa hivyo, mmea huu haukimbizani na majira. Umejifunza kuishi na kivuli. Majani yake hutokea kwenye kitovu kimoja na kujipanga kwa duara, kila moja likiwa na kikonyo chake, hivi kwamba hayafunikani sana. Kila jani hupata sehemu yake ya mwangaza mdogo uliopo.

Mahali unapopendelea kuota pia pana maana yake. Mara nyingi urujuani wa Afrika hupatikana juu ya miamba, kwenye nyufa za mawe na kingo za vijito, mahali palipofunikwa na kuvumwani. Katika ardhi ya kawaida ya msitu, mmea mdogo kama huu ungefunikwa na majani makavu yanayoanguka kila siku, au ungezidiwa nguvu na mimea mirefu. Juu ya mwamba ulioinama, majani hayo huteleza na kuanguka, nayo mimea mikubwa hukosa udongo wa kutosha kushika mizizi.

Hata hivyo, makao hayo yana gharama. Mizizi ya mmea huu ni mifupi na haiwezi kuchimba chini kutafuta maji. Unategemea unyevu ulio katika tabaka jembamba la kuvumwani na mboji, pamoja na ukungu unaotanda msituni. Iwapo miti iliyo juu yake itakatwa, jua hupiga mwamba moja kwa moja, kuvumwani hukauka, na makao yote hubadilika hata kama hakuna mtu aliyeugusa mmea wenyewe.

Hili ndilo jambo la msingi kuhusu ua hili. Uhai wake umefungamana na miti iliyo juu yake kiasi kwamba haiwezekani kulilinda peke yake. Kuzungushia ua ua hilo hakusaidii chochote ikiwa msumeno unaendelea kunguruma hatua chache kutoka hapo.

Unyevu huo wenyewe hutoka mbali. Milima ya Taita huinuka ghafla kutoka nyanda kavu za Tsavo, na huzipokea pepo zinazovuma kutoka Bahari ya Hindi. Pepo hizo zinapolazimika kupanda mlima, hupoa na kuacha ukungu na mvua. Ndiyo maana msafiri anayetoka Voi kwenye joto na vumbi huweza kufika katika msitu wa kijani na baridi baada ya mwendo mfupi tu.

Kijiolojia, milima hii ndiyo ncha ya kaskazini ya safu ndefu ya milima ya kale, ambayo wataalamu huiita Tao la Mashariki. Safu hiyo huvuka mpaka na kuingia Tanzania kupitia Pare, Usambara na Uluguru hadi Udzungwa. Kwa muda mrefu sana, vilele vyake vimekuwa kama visiwa vya msitu katikati ya nyanda kavu, na viumbe vilivyotengwa humo vilijibadilisha polepole hadi vikawa tofauti na jamaa zao wa vilele vingine.

Mbololo ni kisiwa ndani ya kisiwa. Bonde la Paranga hukitenganisha kilima hicho na sehemu kuu ya milima ya Taita, ambayo huitwa Dabida. Msitu wa asili uliosalia juu yake ni wa takriban hekta 200 tu, lakini humo mna viumbe vya ajabu. Mbali na ua hili, msitu huo ni makao ya kurumbiza wa Taita, ndege ambaye hapatikani popote pengine ila katika vipande vichache vya misitu ya milima hiyo.

Uzazi wa mmea huu nao ni kisa cha pekee. Maua mengi huwavutia wadudu kwa nekta, ile sharubati tamu ambayo nyuki huigeuza kuwa asali. Urujuani wa Afrika hauna nekta ya kumpa mgeni wake. Malipo pekee uliyo nayo ni chavua, na hata hiyo umeifungia ndani ya vile vifuko viwili vya manjano vinavyoonekana katikati ya ua. Vifuko hivyo havipasuki wazi. Vina matundu madogo tu.

Ili kuipata chavua hiyo, nyuki hukishika kifuko kwa nguvu na kutetemesha misuli ya mabawa yake bila kuruka. Mtetemo huo, ambao husikika kama mvumo mkali, huikung'uta chavua na kuirusha kupitia matundu hadi kwenye mwili wa nyuki. Nyuki wa kawaida anayefugwa mizingani hawezi kufanya kazi hiyo. Hufanywa na aina fulani za nyuki wa mwituni, ambao wengi huishi mmojammoja pasipo mzinga.

Mtaalamu wa wadudu kutoka Kenya, Dino Martins, aliyefanya uchunguzi kuhusu ua hili katika milima ya Taita na kuchapisha matokeo yake mnamo 2008, aliwaona nyuki wa jenasi ya Amegilla wakiifanya kazi hiyo. Njia iyo hiyo ya kutetemesha ndiyo huwawezesha nyuki wa mwituni kuchavusha nyanya na biringanya katika mashamba ya wakulima. Kwa hivyo, anayeangamiza makao ya nyuki hawa hujidhuru hata jikoni mwake.

Aidha, maua ya mmea mmoja hayafanani kabisa. Kila ua lina kijiti chembamba kinachopokea chavua. Katika baadhi ya maua kijiti hicho huelekea kushoto, na katika mengine huelekea kulia, kama taswira ya mtu na kioo. Nyuki anapolitembelea ua la kushoto, chavua hushika upande mmoja wa mwili wake, na upande huo ndio hugusana na kijiti cha ua la kulia atakalolifikia baadaye. Kwa mpangilio huo, uwezekano wa ua kujichavusha lenyewe hupungua.

Baada ya kuchavushwa, ua hutoa tunda dogo kavu lenye mbegu nyingi, ndogo karibu kama vumbi. Mbegu ya kadiri hiyo haina akiba kubwa ya chakula, hivyo huhitaji kuangukia mahali penye unyevu wa kudumu ili iote. Hapa tena kuvumwani, kivuli na ukungu ndivyo huamua iwapo kizazi kipya kitapatikana.

Ipo pia njia nyingine ya kuuzalisha mmea huu, ambayo wapenzi wa maua wanaifahamu vyema. Jani moja likikatwa pamoja na kikonyo chake na kupandwa katika udongo wenye unyevu, hutoa mizizi, kisha miche midogo huchipuka pale kikonyo kilipokatwa. Miche hiyo huwa nakala halisi ya mama yake. Urahisi huo ndio ulioufanya mmea wa msituni kuwa bidhaa ya biashara katika muda mfupi.

Safari hiyo ya kibiashara ilianzia upande wa Tanga. Mnamo 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani katika eneo la Usambara, aliukuta mmea huo na kumtumia babake nchini Ujerumani. Baba mtu aliuwasilisha kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, ambaye mnamo 1893 aliutangaza kisayansi kwa jina Saintpaulia ionantha. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni kumbukumbu ya afisa yule. Ya pili humaanisha maua yanayofanana na urujuani.

Lakini Mjerumani huyo hakuwa mgeni wa kwanza kuuokota. Sir John Kirk, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar, alikusanya sampuli mnamo 1884. Miaka mitatu baadaye, mmishonari William Ernest Taylor naye alikusanya nyingine huku Pwani ya Kenya. Sampuli hizo zilizokaushwa zilifika katika bustani za Kew jijini London, lakini hazikutosha kwa wataalamu kuuandikia mmea huo maelezo kamili.

Jina la Taylor si geni kwa wapenzi wa Kiswahili. Ndiye aliyechapisha mkusanyo mashuhuri wa methali za Waswahili mnamo 1891. Laiti sampuli zake zingetosha, pengine ua hili lingejulikana duniani kwa jina lenye asili ya Pwani badala ya jina la afisa wa Kijerumani.

Mapema katika karne ya 20 mbegu zilivuka bahari. Mnamo miaka ya 1920, kampuni ya Armacost and Royston ya Los Angeles ilikuza miche kutokana na mbegu za Ujerumani na Uingereza, kisha ikachagua aina 10 bora zilizokuwa msingi wa biashara hiyo nchini Marekani. Kufikia 1946 wapenzi wa ua hilo nchini humo walikuwa wameunda chama chao cha kitaifa. Leo kuna maua meupe, ya waridi, mekundu yaliyokoza na yenye rangi mbili, mengine yakiwa na petali nyingi zilizorundikana.

Licha ya wingi huo wa rangi, sehemu kubwa ya mimea ya madukani inatokana na mimea michache ya mwanzo. Ni ukoo mpana wenye mababu wachache. Nguvu za kustahimili ukame, baridi au magonjwa, ambazo huenda zimo katika mimea ya mwituni, hazimo zote katika chungu cha dirishani. Mmea wa Mbololo ukitoweka, hakuna duka litakaloweza kuzirejesha sifa zake za pekee. Hili ndilo jibu la wanaodhani kwamba wingi wa madukani unatosha.

Mbali na mmea wa Mbololo, Kenya ina jamaa mwingine wa ua hili, ambaye makao yake ni tofauti sana. Huyu huota kwenye miamba ya mawe ya chokaa katika maeneo ya Kaloleni, Kaunti ya Kilifi, ikiwemo Chasimba. Huko si mlimani kwenye ukungu. Ni karibu na bahari, penye joto. Mmea huo hujificha katika nyufa zenye kivuli cha vipande vidogo vya msitu vilivyosalia kati ya mashamba na makazi ya watu. Mawe ya chokaa ndiyo hutumiwa kutengenezea saruji, na hivyo miamba ya aina hiyo ina thamani machoni pa wengi wasiojua kilichoota juu yake.

Wataalamu wenyewe hawajakoma kubishana kuhusu idadi ya spishi za ua hili. Awali zilihesabiwa kuwa karibu 20. Mnamo 2006, mwanabotania Iain Darbyshire wa Kew alizipunguza hadi sita. Kisha mnamo 2015, baada ya uchunguzi wa chembe za urithi, jenasi yote ya Saintpaulia iliunganishwa na jenasi kubwa zaidi ya Streptocarpus. Kwa sababu hiyo, mmea wa Mbololo sasa huitwa Streptocarpus teitensis katika vitabu vya sayansi, ingawa wakuza maua wangali wanalitumia jina la zamani.

Mijadala hiyo si ya majina matupu. Mmea unapotambuliwa kuwa spishi kamili inayopatikana mahali pamoja pekee, hupewa uzito mkubwa katika mipango ya uhifadhi. Unapohesabiwa kuwa tawi la spishi nyingine iliyoenea, huenda ukasahaulika. Mmea wa Mbololo umeendelea kutambuliwa kama spishi inayojitegemea katika mabadiliko yote hayo.

Hatari zinazoukabili zinajulikana. Katika milima ya Taita, msitu wa asili umebaki vipande vipande baada ya sehemu kubwa kufyekwa kwa ajili ya mashamba, na nyingine kupandwa mikaratusi, misonobari na miti mingine ya kigeni. Ukataji wa miti kwa mbao na kuni, moto wa msituni na mifugo inayoingia kutafuta malisho huzidi kuudhoofisha msitu uliobaki. Zaidi ya hayo, wapo wanaovutiwa na uzuri wa ua hilo na kuling'oa wakidhani wataliotesha nyumbani.

Kisheria, silaha zipo. Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 huitaka serikali kulinda rasilmali za kijenetiki na viumbe anuwai wa nchi. Kanuni zilizotolewa mnamo 2006 humlazimu anayetaka kuchukua rasilmali kama hizo kwa utafiti au biashara kupata kibali cha mamlaka ya mazingira, NEMA, na kukubaliana jinsi manufaa yatakavyogawanywa. Mkataba wa Nagoya wa 2010, ambao Kenya ni mwanachama, unasimama juu ya msingi huo huo. Hata hivyo, sheria hizo haziwezi kuzirejesha mbegu zilizoondoka mnamo 1892. Zinalinda kile ambacho bado kipo.

Kabla ya sheria hizo, wenyeji walikuwa na zao. Wataita walitenga sehemu takatifu za msitu ziitwazo fighi, ambamo haikuruhusiwa kukata miti ovyo. Wamijikenda nao walizihifadhi kaya zao, na mnamo 2008 shirika la Unesco liliziingiza kadhaa kati ya hizo katika orodha ya Turathi za Dunia. Wazee waliozilinda sehemu hizo hawakuwa wakilifikiria ua dogo lililo mwambani. Walilinda msitu wote, na kwa kufanya hivyo walilinda kila kilichomo.

Busara hiyo inaafikiana kabisa na yale ambayo sayansi imeyabaini. Mwenye kutamani urujuani wa Afrika dirishani pake hana sababu ya kwenda msituni. Mche uliokuzwa kitaluni utamfaa zaidi, na jani moja la jirani linatosha kumwanzishia. Aumwagilie maji kutoka chini, wala asiyanyunyize maji baridi juu ya majani, kwani yataacha mabaka. Ule wa Mbololo aache pale ulipo.

Kwa wakazi wa Taita na Kilifi, manufaa ya kuulinda hayaishii kwenye ua. Kivuli kinachouhifadhi ndicho huhifadhi chemchemi na vijito vinavyoteremka hadi mashambani, na nyuki wanaoutembelea ni wa jamii zinazohitajiwa na wakulima. Waswahili walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Dunia inaweza kuendelea kulinunua ua hili bila kujua lilikotoka, lakini walio nalo nyuma ya nyumba zao ndio pekee wanaoweza kuhakikisha kwamba asili hiyo inadumu.